Weweseko Baada ya Upasuaji wa Moyo

Neno deliriamu lina asili ya Kilatini, ambamo delirare ilikuwa na maana ya kutoka nje ya mfuo wakati wa kulima kwa plau, na katika tiba hutaja hali ya akili kuvurugika ghafla, kwa saa au siku chache, huku umakini ukija na kupotea. Kiswahili kina kitenzi kuweweseka, kinachosemwa zaidi kwa mwenye homa kali au anayezungumza usingizini, na jina weweseko linalotokana nacho linafaa kwa sababu huitenga hali hiyo na wazimu, na pia na usahaulifu wa uzeeni, ambao huingia polepole. Upungufu wake ni kwamba humfanya msikilizaji atarajie kelele, ilhali wazee wengi huweweseka kimya: hulala wametulia, hujibu kwa neno moja, na ndugu wakadhani ni uchovu tu.

Kwa hiyo kinachopimwa kwanza ni umakini. Mgonjwa huombwa ataje siku za juma kinyumenyume. Anayeweweseka huweza kutaja Ijumaa na Alhamisi, kisha akakodolea macho chupa ya dripu na kusahau alichoulizwa. Kwa Kiswahili kipimo hiki kinastahili kuangaliwa upya, kwani anayeshuka kutoka Jumatano hadi Jumanne na Jumatatu husaidiwa na hesabu iliyomo ndani ya majina yenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika New England Journal of Medicine ulifuatilia wagonjwa 225 wa Marekani, wenye umri wa miaka 60 au zaidi, waliopandikizwa mishipa ya kuipita ile iliyoziba moyoni au kubadilishiwa vali, na 103 kati yao waliweweseka. Baada ya miezi 6, asilimia 40 ya hao hawakuwa wamerudia uwezo wa akili waliokuwa nao kabla ya upasuaji, ilhali kwa wasioweweseka ilikuwa asilimia 24; ulipotimia mwaka, pengo lilikuwa limepungua kufikia 31 kwa 20.

Mabadiliko kama haya huitwa athari za muda mrefu, na istilahi hii ya pili inadai uangalifu mkubwa kuliko weweseko, kwa kuwa athari ni neno linalotaja chanzo na tokeo, wakati walioweweseka walikuwa na alama za chini kidogo hata kabla ya kupasuliwa, na yamkini weweseko lilifichua udhaifu uliokuwapo tayari badala ya kuuzaa. Kusema mabadiliko yanayofuatia weweseko ni kurefu, lakini ni kweli zaidi, na bado kunamwonya mganga asiiambie familia kwamba mambo yamekwisha pale mgonjwa anapoanza tena kuwatambua watu wake.