MBEGU ZA MITI YA ASILI: FUNZO KUTOKA KAMPALA

Katika toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, naomba tuzungumze juu ya miti. Tangu tufike hapa tumekata mingi kwa kuni na kwa kujengea, na wenyeji wetu wanaona. Kabla ya kupanda tena, yafaa tujue historia ya jambo hili.

Idara ya Misitu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1898. Kampala ilihitaji kuni, na mabwawa yake yaliogopwa kwa sababu ya malaria. Ndipo mwaka 1912 ukaletwa mkaratusi, ambao asili yake ni Australia. Mti huu hukua upesi, na kwa kuni haulaumiwi. Namanve, mashariki ya mji, palipandwa mikaratusi mingi kwa kazi hiyo.

Mvule hukua polepole, na tangu zamani mpandaji wake mkubwa si mtu bali popo. Usiku hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Karibu na Makerere kuna bonde ambalo watu wa Kampala huliita Bat Valley, kwa kuwa popo waliishi hapo kwa maelfu. Miti ilipokatwa ili watu wajenge, wengi walihama. Anayemfukuza popo amemfukuza mkulima wa mvule.

Tazameni pia msitu wa Mabira, ulio njiani kwenda Jinja. Katika miaka ya 1970 na 1980 watu waliingia humo wakalima. Walipoondolewa, sehemu nyingi hazikurudia miti yake ya zamani. Zilishikwa na mti wa kigeni, Broussonetia papyrifera, ambao mbegu zake zilitawanywa na ndege. Ardhi iliyo wazi haingoji: mbegu inayotangulia ndiyo hushika. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za Mabira zilimwe miwa, watu waliandamana Kampala mwezi wa Aprili, na wengine wakapoteza maisha. Mwaka huohuo mpango ukaachwa.

Basi sisi tufanye nini? Tuokote matunda ya mvule yaliyoiva, tuyaponde ndani ya maji, tuchuje mbegu na kuzianika kivulini. Zipandwe mapema, maana zikikaa sana hufa. Zifunikwe kwa mchanga kidogo tu. Mbegu za musizi ziondolewe nyama yake, na mpandaji awe na subira, kwani huenda zikachukua miezi kuota. Tuchume kwenye miti mingi, si mmoja, na tuwaachie ndege sehemu yao.

Mwaka jana shule yetu ilipewa miche, yote mikaratusi. Tuliipanda, na tunashukuru. Lakini mwanafunzi mmoja aliniuliza ndege watakula nini humo, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo naomba Kamati itenge kitalu kimoja kwa ajili ya mvule na musizi, na wafadhili watusaidie maji na viriba. Mikaratusi iwe ya kuni, mbali na visima. Miti ya asili irudishe pori. Siku moja tutarudi makwetu, na miti itabaki. Wenyeji wasije wakasema tu kwamba tulikata. Waseme pia kwamba tulipanda.