Moto wa Vita na Moto wa Sheria katika Unyanyembe

Mnamo Agosti 1871 majeshi ya Mirambo yaliingia Tabora. Khamis bin Abdallah, aliyetoka kuwapinga, aliuawa, na sehemu ya mji ikateketezwa. Stanley, aliyekuwa Kwihara karibu na hapo, aliuona moto huo akauandika. Ugomvi ulihusu njia ya misafara iendayo Ujiji, ambayo Mirambo alikuwa ameifunga. Hapakuwa na hakimu mwenye mamlaka juu ya pande zote mbili. Kwa hiyo moto ule ulihesabiwa kuwa silaha, na aliyeunguliwa nyumba hakuwa na wa kumshtakia. Hata Mtemi Isike, ngome yake ilipovunjwa na Wajerumani Januari 1893, aliiwasha baruti yake mwenyewe.

Waingereza walipoitwaa nchi walitumia kwanza sheria ya jinai ya Bara Hindi, kisha mwaka 1930 wakaweka Kanuni ya Adhabu, ambayo ndiyo asili ya ile itumikayo Tanzania hata leo. Kifungu cha 319 chataja vitu vya namna nne: majengo, vyombo vya majini, malundo ya mazao au ya kuni na makaa, na migodi. Mwenye kuvitia moto kwa makusudi na bila ya haki aweza kufungwa maisha. Mwenye kujaribu, miaka 14. Kifungu cha 321 chahusu mazao yaliyo bado shambani, majani na miti: adhabu yake haizidi miaka 14, na ya kujaribu haizidi 7.

Mpango huu wastahili kuangaliwa. Sheria yasema jengo lo lote, liwe limekwisha au halijakwisha. Basi msonge wa Mnyamwezi ulioezekwa kwa majani ni sawa na boma la mawe la serikali. Tena, mtama ule ule ukiwa umesimama shambani unalindwa kwa miaka 14, na ukisha kuvunwa na kulundikwa, kwa kifungo cha maisha. Mkulima avunaye mara moja kwa mwaka hatashangaa, maana katika lundo lile mna chakula na mbegu pia.

Lakini mkulima huyo huyo huchoma majani kila mwaka kabla ya mvua ili apate kulima. Hapo ndipo maneno “kwa makusudi na bila ya haki” yanapopimwa. Makusudi anayo, hakimu atauliza kama moto ulikuwa katika shamba lake, na kama alikusudia uvuke mpaka.