Doti sabini na tano za Mionvu

Novemba 10 inapokaribia, jina la Ujiji, mji wa Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, hurudi midomoni. Mnara wa pale unasema kuwa chini ya mwembe uliokuwapo mahali hapo, mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alikutana na mmisionari Livingstone. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, kusini mwa Bujumbura, kuna jiwe la Mugere lenye majina yao na tarehe ya Novemba 25, na wako Warundi wanaoshikilia kwamba walikutana huko. Jiwe lile ni la mahali walipolala walipokuwa wakizunguka ziwa pamoja. Nchi mbili zinagombea nyayo za wapita njia wawili, na wenyeji wa milima ambayo Stanley aliipita hawana hata bamba la chuma.

Stanley mwenyewe, katika kitabu chake cha 1872, anasimulia alivyoivuka Uha, nchi ya Waha, akielekea Ujiji. Alizuiwa na mutware, yaani mkuu wa eneo, Mionvu, mtu mrefu mwenye joho jekundu mabegani na kilemba kichwani, aliyedai hongo ya doti 100 za kitambaa. Stanley alitoa kumi. Akafikiria kupigana, lakini watu wake walimsihi alipe. Wakavutana mpaka doti 75. Kesho yake mkubwa mwingine akadai yake, na habari zikawa kwamba mbele wako wengine zaidi. Stanley akamlipa kiongozi wa njia doti 12, akatoroka usiku kupitia porini. Mwanamke mmoja wa msafara alipoanza kupiga mayowe, Stanley alimchapa viboko mpaka akanyamaza. Hilo nalo halimo kwenye mnara.

Leo hongo ni rushwa, na wengi wakisoma kisa hiki humcheka Mionvu kama mla rushwa. Wanamwonea. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, na aliyetoza alikuwa na nchi.

Nchi hiyo, yaani himaya za Heru ya Kasulu, Muhambwe ya Kibondo, Buyungu, na nyingine, ilishikamana kwa ng'ombe. Mtafiti Scherer, aliyeandika kuhusu Waha mwaka 1959, anaeleza bugabire: mwenye ng'ombe humkabidhi mwingine mnyama, mpokeaji akapata maziwa na samadi ya migomba yake, naye akarudisha kazi, pombe na utii. Ng'ombe mmoja akawa wa nyumba mbili. Ndama akizaliwa, kila nyumba ilikuwa na la kusema. Haukuwa udugu wa sawa kwa sawa, kwa kuwa mwenye mifugo mara nyingi alikuwa Mtutsi na mpokeaji Mha mkulima, lakini wote wawili walikesha mnyama yule yule alipougua.

Wajerumani walikuja, Waingereza wakafuata, vijana wakaenda umanamba katika mkonge wa Tanga. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, mwanamke katika kiti cha wanaume. Sheria ya 1963 ikaufuta utemi. Baadaye zikaja kambi za wakimbizi, Nyarugusu na Nduta, na dunia ikaijua Kasulu na Kibondo kwa mahema.

Heru Juu bado ipo kwenye ramani, jirani na mji wa Kasulu. Ningependa pale lisimame jiwe, lichongwe ng'ombe na watu wawili, mmoja ameshika kamba, mwingine kibuyu cha maziwa, na jina la Mionvu liandikwe chini pamoja na hesabu yake ya doti.