Mabaki ya jikoni yanayofaa na yasiyofaa kutengenezea mboji

MBOJI ni mbolea ya asili itokanayo na majani, maganda na masalio mengine ya mimea yaliyooza hadi yakawa kama udongo mweusi, mwepesi na usio na uvundo.

Katika boma lenye bustani ya mboga, jikoni hutoka malighafi ya mboji kila siku. Hata hivyo, si kila kinachooza kinafaa. Nyama huoza, samaki huoza, na kiazi kilichougua huoza pia. Lakini vitu hivyo vikitiwa katika lundo dogo la nyumbani, huweza kuleta panya, nzi au maradhi ya mimea.

Kwa hivyo, kabla ya kutia chochote katika lundo, yafaa kujiuliza maswali matatu. Je, kitavutia wanyama waharibifu? Je, kina viini vya maradhi? Na je, kuna vitu vikavu vya kutosha kukisawazisha?

Asili ya mbinu

Mbinu ya kupanga masalio kwa matabaka ilienezwa na Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza aliyefanya utafiti mjini Indore, India, na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1931. Miaka miwili baadaye, mnamo 1933, mbinu hiyo ilianza kutumiwa katika shamba la kahawa la Kingatori, eneo la Kiambu.

Kanuni zake hazijabadilika: kuchanganya masalio ya aina mbalimbali, kuyapa unyevu na kuyageuza ili yapate hewa.

Umuhimu wa joto

Vijidudu vinavyoozesha masalio hutoa joto. Lundo lililojengwa vyema, lenye upana na kimo cha mita moja au zaidi, huweza kufikia nyuzijoto 55 hadi 65. Joto hilo likidumu siku kadhaa, huua viini vingi vya maradhi na mbegu za magugu.

Tatizo ni kwamba familia nyingi huongeza masalio kidogo kidogo, leo bakuli moja na kesho jingine. Lundo la aina hiyo huoza polepole na aghalabu halipati joto la kutosha. Ndiyo sababu mwenye bustani ndogo hana budi kuwa mwangalifu kuliko mwenye shamba kubwa.

Yanayofaa

Mashina ya sukumawiki, majani ya kabeji, maganda ya ndizi, karoti, maembe na maboga, pamoja na maganda ya maharagwe na njegere, yote hufaa. Yakikatwakatwa huoza haraka zaidi. Katika boma lenye ng'ombe, mbuzi au kuku, ni busara mifugo watangulie kupewa yale wanayoyala, kisha samadi yao itiwe katika lundo.

Machicha ya kahawa yana naitrojeni kwa wingi, licha ya rangi yake ya hudhurungi. Majani ya chai hufaa pia, ila kwa kuwa chai nchini huchemshwa pamoja na maziwa, ni vyema kuyasuuza kwanza.

Maganda ya mayai huongeza kalisiamu, lakini sharti yasagwe kwani huchukua muda mrefu kuoza. Vivyo hivyo, magunzi ya mahindi na kokwa za avokado hukawia sana yasipopondwa.

Ya kutiwa kwa kiasi

Maganda ya machungwa na ndimu hayana madhara yakiwa machache. Lakini pale mboji inapotengenezwa kwa kufuga nyungunyungu katika kasha, ni heri maganda hayo pamoja na ya vitunguu yapunguzwe sana, kwani viumbe hao huyaepuka.

Jivu la kuni hupunguza asidi, hivyo linyunyizwe kidogo tu. Jivu la takataka zilizochomwa pamoja na plastiki au mbao zilizopakwa rangi halifai kamwe.

Ugali, wali na chapati huoza upesi, ila huvutia panya. Mabaki hayo yakiwa machache yaweza kufukiwa katikati ya lundo na kufunikwa kwa majani makavu. Yakiwa mengi, yaachwe.

Yasiyofaa

Nyama, mifupa, samaki, maziwa na mafuta ya kupikia visitiwe katika lundo la nyumbani. Kadhalika, kinyesi cha binadamu, mbwa na paka huweza kuwa na viini na mayai ya minyoo vinavyodhuru afya ya walaji wa mboga.

Plastiki haiozi. Vibandiko vya matunda, pakiti za maziwa na baadhi ya vifuko vya majani ya chai huacha vipande vya plastiki udongoni. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na hatua hiyo huwa rahisi zaidi ikianzia jikoni kwa kutumia ndoo mbili.

Tahadhari ya viazi

Maganda ya viazi ni miongoni mwa masalio ya kawaida zaidi, na ndiyo yenye hatari iliyofichika. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria Ralstonia solanacearum hushambulia viazi, nyanya, pilipili na biringanya, na viini vyake huweza kuishi udongoni kwa miaka kadhaa. Ukishaingia shambani, hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya.

Kiazi kilichoambukizwa kikikatwa, mara nyingi huonyesha mzingo wa rangi ya hudhurungi na kutoa ute mweupe. Hata hivyo, kiazi kinachoonekana kizima chaweza pia kubeba viini hivyo.

Kwa sababu hiyo, anayekuza viazi au nyanya asitie lundoni maganda ya viazi vya sokoni, ambavyo hajui vilitoka shamba gani. Yafukiwe katika shimo mbali na bustani. Maji yaliyooshea viazi hivyo pia yasimwagwe kwenye mimea.

Usawa na ishara zake

Mabaki ya jikoni huwa mabichi na yenye maji mengi. Kwa kila ndoo moja ya mabaki hayo, ziongezwe ndoo mbili au tatu za vitu vikavu kama vile mabua ya mahindi yaliyokatwa, nyasi kavu, majani yaliyopukutika au magazeti yaliyochanwa.

Lundo likinuka kama yai viza, limekosa hewa. Ligeuzwe na kuongezwa vitu vikavu. Likitoa harufu kali inayowasha pua, mabichi yamezidi. Likikaa kimya bila kuoza, huenda limekauka na linahitaji maji. Likifinyangwa mkononi, linapaswa kuwa na unyevu bila kuchuruzika.

Mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hadi sita au zaidi, kutegemea hali ya hewa na jinsi inavyogeuzwa. Ikifika hapo, huwa imepoa, na mtu hawezi tena kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi jani la kabeji.