Mlima Kenya: Tulikata Nini, Tunapanda Nini?

Tukiona vipara msituni tunalaumu upepo na ukame. Wasee, tusidanganyane. Dhoruba iliyopiga Mlima Kenya upande wetu wa Meru na Embu ilikuja na misumeno.

Mwaka 1999 KWS walipitisha ndege juu ya msitu kuhesabu hasara. Walikuta maelfu ya miti ya kafuri imeangushwa, tanuri za makaa, hadi mashamba ya bangi. Imenti, hapo tu karibu na Meru mjini, iliumia vibaya. Na UNESCO walikuwa wameutambua mlima huu 1997, miaka 2 tu nyuma! Mwaka 2000 serikali ikawakabidhi KWS msitu.

Sawa, tukaanza kupanda. Lakini kupanda nini? Tangu 1910 wakoloni walitumia mfumo wa shamba: unalima mahindi na viazi katikati ya miche, ikikua unahama. Miche mingi ilikuwa saipresi na paini, ya mbao. Kwa mbali unaona kijani, lakini ndani mnyama hapati chakula cha maana. Muuru wetu, ule wageni huuita Meru Oak, una matunda.

2011 ndovu walifunguliwa njia ya kutoka mlimani hadi Ngare Ndare, wakipita chini ya barabara ya Nanyuki–Meru. Kazi safi. Ila njia bila msitu inampeleka ndovu moja kwa moja kwa shamba la cucu.

Sasa serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Ukialikwa kupanda, kabla ya selfi uliza: huu ni mche gani, na nani atarudi kuuangalia?