Kutoka Mnyampara hadi Mtendaji: Serikali Ilivyopita Puge

Sisi tuliomaliza kidato cha nne tunaijua serikali kwa kuikariri. Mihimili mitatu: Bunge, Serikali na Mahakama. Mtihani wa Uraia ukaja, tukajaza, tukatoka nje, basi. Somo lenyewe huanzia kwa Rais likashuka taratibu, na likikaribia kijijini kengele imeshagonga. Leo nataka tulianze kutoka chini, na nitaanzia kwetu Puge.

Puge iko Wilaya ya Nzega, karibu katikati ya barabara itokayo Nzega kwenda Tabora. Abiria wengi huipita wamesinzia. Lakini kila serikali iliyotawala nchi hii ilibidi ipate mtu wake wa kukaa hapo, amjue kila mwenye nyumba kwa jina. Swali langu ni moja tu: mtu huyo alikuwa akijibu kwa nani? Kwa waliomtuma, au kwa majirani zake?

Katika karne ya 19 Unyamwezi haikuwa dola moja. Ilikuwa nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake. Wapo wanaosema jina hilo limetokana na kutema, yaani kufyeka pori, na wapo wanaosema ni kukata mashauri. Mtemi alivaa kibangwa, kipande cha kombe kutoka baharini, kuwa alama ya cheo. Ndovu akifa katika nchi yake, pembe iliyolalia ardhi ilikuwa haki yake. Ngozi ya simba na ya chui pia.

Usidhani alijifanyia atakavyo. Pembeni yake walikaa wazee, wanyampara, waliomshauri na waliokuwa na sauti katika kumpata mrithi. Chini yao walikuwepo wanangwa waliosimamia vijiji. Mvua ikikatika mwaka baada ya mwaka, mtemi alikuwa na kesi ya kujibu, na aliweza kufukuzwa. Na raia alikuwa na kura yake, ingawa haikuwa ya karatasi. Ardhi ilikuwa tele. Akichoshwa na mtemi huyu alifunga mzigo, akahamia kwa mwingine. Mtemi asiye na watu ni mtemi wa nini?

Hapo ndipo misafara ilipoingia. Njia kuu kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, kisha ikagawanyika, nyingine ikielekea Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walisifika pwani na bara, na viongozi wao safarini nao waliitwa wanyampara. Waandishi wenzangu, hebu lishikeni neno hilo. Lilianza likiwa la mzee anayempelekea mtawala maneno ya watu. Likapita njiani kwenye mizigo. Wakati wa ukoloni likawa mnyapara, yaani msimamizi wa vibarua na wafungwa, anayewapelekea watu amri za mtawala. Ni neno lile lile, ila limegeuzwa uso.

Uso wa mtemi nao uligeuzwa, polepole. Yapata mwaka 1860, katika Unyanyembe, nchi ya kitemi yenye Tabora, Mnywa Sere aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. Hapo mtemi alipata kiti kwa hisani ya wageni wenye bunduki. Mnywa Sere alipigana porini hadi alipouawa mwaka 1865. Isike, aliyemrithi Mkasiwa, aliwapinga Wajerumani, na Januari 1893 boma lake lilipovunjwa alilipua baruti akiwa ndani kuliko kutekwa hai.

Baada ya hapo watemi waliobaki walipewa kazi mpya. Kuanzia 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na watemi ndio walioikusanya. Waingereza walipokuja walilipa mpango huo sheria: mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, mtemi alitambuliwa rasmi kuwa mamlaka ya wenyeji, akawa na hazina, baraza na mshahara. Kwa nje utawala wa jadi ulikuwa umeheshimiwa. Kwa ndani, mvua ikatike isikatike, mtemi hakuondoka mpaka serikali itake. Wazee walibaki na heshima, meno hayakuwepo tena.

Basi uhuru ulipopatikana, Serikali ya Mwalimu Nyerere ikafuta utemi kisheria mwaka 1963. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, alikuwa waziri katika Serikali hiyo hiyo. Akajiuzulu mwaka huo huo. Jamani, historia ina vituko! Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mzee huyo alirudi jukwaani na chama chake, UMD.

Nafasi ya mwanangwa haikukaa wazi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilileta balozi wa nyumba kumi, na tangu 1965 chama kikawa kimoja Bara. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani kwa watumishi wa Serikali Kuu. Jina lilikuwa zuri, Madaraka Mikoani. Mwishoni mwa 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kabla ya 1976 kwisha. Zamani raia alihama ili kumkwepa mtemi mbaya. Safari hii alihamishwa yeye. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984.

Sasa tuupande mti wenyewe. Chini kabisa ni kitongoji na mwenyekiti wake. Juu yake ni kijiji, chenye Halmashauri ya watu 15 hadi 25 na mwenyekiti aliyepigiwa kura. Kisha kata, yenye diwani wa kuchaguliwa. Kisha Halmashauri ya Wilaya. Sambamba na hao wamesimama wengine wasiopigiwa kura: mtendaji wa kijiji na wa kata, ambao ni waajiriwa, mkurugenzi, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wanaoteuliwa na Rais. Ni ngazi mbili kwenye ukuta mmoja. Moja inapanda kutoka kwa wananchi, ya pili inashuka kutoka Ikulu, na zinakutana ofisini kwa mtendaji, kwenye muhuri.

Lakini kipo chombo ambacho vijana wengi hawakihesabu: Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kisheria huo ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji, na unapaswa kukutana kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Si mchezo! Wale wazee wa mtemi walikuwa wachache. Hapa ni sisi sote.

Ardhi siku hizi si tele. Hakuna tena kufunga mzigo na kuhamia kwa mtemi mwingine. Kilichobaki ni kwenda kukaa kwenye benchi na kunyoosha mkono. Tusipokwenda, maamuzi yatafanywa na watakaokuwepo, na kesho shamba likiwa la mwingine tutaambiwa kijiji kilikubali. Nanyi wa mjini msicheke, mkutano wa mtaa mnao.

Kwa hiyo wewe unayetafuta hadithi ya kuandika, kaombe kusoma muhtasari wa mkutano uliopita. Tazama nani alisema nini, nani alinyamaza, na mahudhurio yalikuwa watu wangapi. Kisha tazama kama jina lako limo.