Kiti cha Banquo: Mzuka na Udhalimu katika Macbeth

Katika tamthilia ya Macbeth, iliyoandikwa na Shakespeare yapata mwaka 1606, mzuka wa Banquo aliyeuawa huingia karamuni na kukalia nafasi ya mfalme. Simon Forman, aliyeutazama mchezo huo katika jumba la Globe, London, mwaka 1611, aliandika kwamba mzuka ulikuja ukaketi nyuma ya Macbeth. Mwaka 1794, katika jumba la Drury Lane, John Philip Kemble alikiacha kiti kitupu. Tofauti hiyo si ya mapambo. Mzuka ukionekana, hadhira humtazama dhalimu akishtakiwa na wafu; usipoonekana, humtazama kama wamwonavyo wageni wake, mtawala atetemeshwaye na dhamiri yake. Mwongozaji achaguapo huamua nani atoe ushahidi: aliyeuawa, au muuaji mwenyewe.